Muhula wa Tatu Hubebwa Mara Tatu

"Sijauliza nani amechapa. Nimeuliza nani amejumlisha."

Wifi yangu alikuwa amesimama mbele ya meza ya mkuu wa chuo, mkononi ameshika karatasi ya matokeo aliyoing'oa ubaoni mwenyewe, kona moja imechanika na kubaki huko huko na pini yake. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai ya walimu, maana mimi ndiye mpishi wa chuo hicho cha ufundi, na mtu aliyeshika birika la moto hafukuzwi ovyo. Nikasimama nikasikiliza.

"Nimejumlisha mimi," mkuu akasema. "Mihula mitatu. Nimejumlisha, nimegawa kwa tatu. Ni hesabu ya darasa la nne, Mwalimu, hata wewe unaijua."

"Naijua. Ni nzuri sana ya kugawia watoto pipi. Kupimia watu haifai. Mimi wanafunzi wangu niliwaambia siku ya kwanza, kabla sijasahihisha kazi ya hata mmoja wao: muhula wa kwanza unabebwa mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu, halafu ndiyo tunagawa kwa sita. Wewe hiyo tatu umeitoa wapi?"

"Kwenye utaratibu wa kawaida."

"Wa kawaida kwa nani?"

Mkuu akaniona, akashika kikombe kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. "Mama, mimina chai."

Nikamimina. Wifi yangu hakuchukua kikombe. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa koti lake la kazi na kutoka, na nyuma yake ule ubao wa matangazo ukabaki na kona ya karatasi na pini, kama jino lililobaki peke yake mdomoni.

Chuoni wanamwita Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia haijawahi kushuka shingoni mwake. Alikuja nayo shingoni siku anaolewa na kaka yangu, na siku tunamzika kaka yangu nilimkuta ameivaa juu ya nguo nyeusi, nikamnong'oneza aivue, akaniambia, "Niache, wifi, leo sina kingine cha kushika." Mama yetu hakumpenda. Alisema mwanawe ameoa cherehani, mke amekuja kama kifungashio. Ni kweli kitu cha kwanza kuingia ndani siku ile kilikuwa cherehani, kitanda kikafuata baadaye. Lakini mama alipougua akalala muda mrefu, aliyekuwa akimgeuza na kumbadilisha shuka ni huyo huyo kifungashio. Mimi binti yake wa kumzaa nilikuwa na visingizio vyangu, sitavitaja hapa.

Kabla ya kuwa mwalimu alishona sokoni, kwenye kibanda chenye mlango wa bati, na huko ndiko alikoitoa mizani yake. Aliniambia siku moja akiwa na pini tatu mdomoni, na yeye anaongea vizuri zaidi akiwa na pini mdomoni: "Wifi, mteja hajawahi kuniuliza gauni langu la kwanza lilikuwaje. Anauliza hili atakalovaa Jumamosi." Alipoitwa kufundisha akaibeba fikra hiyo kama ilivyo. Aliyeanza vibaya akamaliza vizuri ni fundi. Aliyeanza vizuri akamaliza vibaya, wateja watamkimbia, hata awe na maksi nzuri za zamani kiasi gani.

Basi mwaka ule darasani kwake walikuwa watu wa kila aina, na wawili kati yao ndio walioleta moto huu.

Wa kwanza tulimwita Tingatinga. Alikuwa mpagazi wa magunia mpaka mgongo ukamgomea, daktari akamwambia akibeba tena gunia moja tu, gunia linalofuata atabebwa yeye. Mtu mzima, ana watoto, vidole kama ndizi za kupika, akaja kukaa kwenye kigoda nyuma ya cherehani kati ya wasichana. Muhula wa kwanza alishona mkono wa shati akauziba huku na huku, mkono hauingii wala hautoki. Wasichana wakacheka mpaka wakalala juu ya meza. Yeye akautazama ule mkono, akasema, "Huu ni wa mtu asiyeomba kitu," akaanza kufumua. Alifumua mwaka mzima. Muhula wa kwanza alipata ishirini na nane. Wa pili hamsini na mbili. Wa tatu sabini na nne, na shati lake la mwisho niliwahi kulishika mimi: kola imekaa, mifuko iko sawa, ukiligeuza ndani huoni aibu.

Kufaulu ni hamsini na tano. Piga hesabu ya mkuu, Tingatinga anapata hamsini na moja, amefeli. Piga ya wifi yangu, anapata hamsini na tisa, amefaulu. Na cheti kwake hakikuwa pambo la ukutani. Karakana ya hospitali, ile inayoshona mashuka na sare za wauguzi, ilikuwa imemwekea kiti, na bila cheti kiti kile kingekaliwa na mwingine.

Wa pili ni binti yangu.

Binti yangu aliingia chuoni anajua kushona, amekulia chini ya cherehani ya mke wa mjomba wake. Muhula wa kwanza akapata themanini na nane, kichwa kikawa kikubwa kuliko kofia. Wa pili sabini na sita. Wa tatu, katikati ya simu na marafiki na "nitamalizia kesho, mama", sitini na nne. Kwa hesabu ya mkuu alikuwa wa kwanza darasa zima. Kwa hesabu ya wifi yangu, msichana mmoja mpole wa dawati la nyuma, aliyekuwa akipanda kidogo kidogo kama maji ya kisima, anampita. Na wa kwanza ndiye hupewa cherehani mpya siku ya mahafali.

Sasa umeelewa kwa nini nilisimama na birika pale mlangoni nikasikiliza.

Mchana ule wifi akaja jikoni kwangu. Nilikuwa nachambua maharage, sikuinua uso.

"Wifi, umenuna," akasema.

"Sijanuna. Naangalia mawe."

"Sema."

"Nisemeje? Ubaoni mtoto wako alikuwa ameandikwa wa kwanza. Umekwenda kuing'oa karatasi kwa mkono wako. Hata mchawi huwa anaanza na wa jirani."

Akavuta kigoda akakaa. "Mkuu ameniita tena. Unajua amenipa nini? Amesema yaishe. Matokeo yabaki kama alivyoyabandika, halafu Tingatinga ataongezewa maksi nne za huruma, afaulu. Binti yako anabaki wa kwanza, cherehani anachukua, Tingatinga cheti anachukua, na mimi nafunga mdomo."

Nikaacha maharage. "Sasa si ndiyo hiyo? Kila mtu amekula. Umesemaje?"

"Nimekataa."

Nilimtazama mtu huyu. Nikafikiri labda nimesikia vibaya, nikamwacha arudie, akarudia.

"Umekataa nini, wifi? Umekataa cherehani ya mtoto wa mumeo?" Tunasema hivyo kwetu, mtoto wa dada ni mtoto. "Umekataa cheti cha yule mwanaume? Yeye anazihitaji hizo nne wewe unazikataa?"

"Hazihitaji. Anazo tayari. Maksi zake ni hamsini na tisa, amezishona mwenyewe. Nikikubali apewe za huruma, nimekubali kwamba alifeli. Hatembei na cheti changu mtu ambaye nimekubali kwamba alifeli."

"Watu wanasema una sababu nyingine ya kumpigania." Nilijua nachokoza. Nilichokoza. "Wanasema mjane na mgonjwa wa mgongo, mmoja anapima mwingine anapimwa."

Akacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha kuona haya. "Nimempima, ndiyo. Kiuno sentimita mia na kumi. Waambie waje wachukue na urefu." Halafu uso ukarudi. "Mkuu naye kalisema hilo, ila kwa adabu. Amesema kila mwalimu akiwa na mizani yake, kila mwalimu atamtilia uzito mtu wake. Na hapo ana hoja, wifi, simnyimi. Ndiyo maana mizani huwekwa kabla mzigo haujafika. Niliiweka kabla Tingatinga hajashika sindano. Niliiweka binti yako akiwa ameketi mbele, anatabasamu, anajua atakuwa wa kwanza. Ningekuwa natafuta mtu wangu, si ningemtafuta yule?"

Mimi nikishindwa kwa hoja natafuta deni. "Basi nirudishie kitambaa changu."

Kitambaa hicho nilimpa wifi wakati kaka yangu bado yu hai. Kizuri, cha maua ya zambarau, anishonee gauni. Kila mwaka ni wiki ijayo. Mafundi wote ndivyo walivyo: nguo ya mteja inaisha leo, ya ndugu inasubiri kiama. Kila tukigombana nakidai, na yeye kila nikikidai anasema alichosema siku hiyo:

"Kitambaa kipo. Kimeshakatwa kiakili."

Nyumbani usiseme. Binti yangu alikuwa amekwishapata habari. Alikaa kitandani amekumbatia magoti, na mimi nilitegemea machozi, lakini alikuwa amekasirika kavu, kama mimi.

"Mama, mimi kosa langu nini? Kujua mapema? Nilifanya kazi nzuri tangu mwanzo, sasa mwanzo wangu unahesabiwa kidogo, na mwanzo mbaya wa Tingatinga nao unahesabiwa kidogo. Yeye anafutiwa, mimi nafutiwa. Ndiyo haki hiyo?"

Hoja yake ilikuwa na miguu. Nikaipeleka kama ilivyo kwa wifi, kwa mdomo huu huu, kesho yake mlangoni pa karakana ya chuo. Wifi alikuwa anafagia mabaki ya vitambaa.

"Mwambie mwanzo wake umehesabiwa," akasema. "Umehesabiwa mara moja. Zile themanini na nane alikuja nazo kutoka nyumbani kwangu, nilizifundisha mimi bure, chini ya meza, akiwa anakula chaki. Hapa nalipwa kupima kilichofanyika hapa. Na hapa ameshuka. Mwambie na hilo, kama una ubavu."

Sikuwa na ubavu. Nilimwambia tu kwamba anti yake amekataa. Usiku ule akala peke yake, na asubuhi akapita mbele ya wifi chuoni bila salamu, kichwa juu, kama anapita nguzo.

Ikabaki siku chache mahafali yafike, na ubao wa matangazo bado mtupu. Mkuu naye si mtu mbaya. Ni mtu wa kuogopa kelele. Akaona wifi hapindi, akamzunguka: akamwita Tingatinga mwenyewe. Nilikuwa nakusanya vikombe, na kama kawaida nilivikusanya polepole.

"Kaka," mkuu akamwambia, "mwalimu wako ni mkaidi, lakini wewe una familia. Mimi ninakupa hizi nne. Saini hapa umezipokea, cheti chako kinaandikwa leo."

Tingatinga alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kile chembamba, kiti kinalia. Akaitazama kalamu. Akaitazama muda mrefu mpaka mimi nikajua anaitaka. Mtu mwenye watoto lazima aitake.

"Mheshimiwa," akasema, "nimebeba mizigo ya watu tangu ujana wangu. Kubebwa ndiyo sijui. Nikienda hospitali na hizo nne, siku mshono ukifumuka watasema, si yule wa maksi za huruma? Hata ukifumuliwa na panya."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka zangu. Kama siyo zangu, nifeli. Nimeshafeli mara nyingi hapa ndani, napajua mlango."

"Basi," mkuu akasema, akiwa amepata wazo, "keti ushone shati hapa hapa, mbele yangu. Likiwa zuri, yaishe."

Aliyejibu ni wifi. Alikuwa amekuja na sijui amesimama mlangoni tangu saa ngapi. "Hashoni. Ameshapimwa. Ukimpima tena leo, kesho kila asiyependa maksi zake atakuja na uzi wake ofisini kwako. Kutakuwa na foleni, na chai ya wifi haitatosha."

Mkuu akatazama dari. Halafu akafanya lile ambalo sikulitegemea: akanigeukia mimi.

"Mama, weka vikombe chini. Nitasema ukweli. Ninachoogopa ni malalamiko. Nikitumia mizani ya huyu, binti yako anashuka, na mzazi wa aliyeshuka akipeleka malalamiko kwenye bodi, nitaulizwa kwa nini sikutumia hesabu ya kawaida. Mzazi ni wewe. Mdomo wako chuo kizima tunaufahamu. Ukisema utalalamika, matokeo yangu yanabaki na mwalimu hataweza kunilaumu. Je, utalalamika?"

Wote watatu wakanitazama. Wifi hakunikonyeza, hakukohoa, hakunisaidia kwa lolote. Akaishika futi yake ncha mbili akangoja.

Nitawaambia nilichokiona pale, maana sikuona malaika. Niliona cherehani. Mpya, iko kwenye boksi, binti yangu amekaa nayo sebuleni, na mimi nimeacha kuamka kuwapikia watu uji. Halafu nikaona shati la mwisho la binti yangu, ambalo nililipiga pasi mwenyewe: matundu ya vifungo yamechanika pembeni, pindo limekimbia, na mimi nikalikunja haraka upande mzuri uwe juu. Mama mtu anajua alichokikunja.

Na nikakasirika. Nikamkasirikia wifi, nikamkasirikia binti, lakini zaidi nikamkasirikia huyu bwana aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka na anataka mpishi ndiye aseme hapana kwa niaba yake.

"Bwana Mkuu," nikasema, "mdomo wangu una kazi nyingi, lakini kuwa kifuniko cha sufuria yako si mojawapo. Ukitaka kumfelisha huyu baba, mfelishe kwa mdomo wako. Mimi nimekasirika. Nimekasirika sana. Lakini silalamiki. Hayo ni mambo mawili."

"Silalamiki, yaani unakubali?"

"Silalamiki yaani silalamiki. Usinishonee maneno."

Nikabeba vikombe vyangu. Kimoja kilivunjika njiani, nikakiacha pale pale korido, wakifagie wenye vyeti.

Mchana ule karatasi mpya ikabandikwa. Safari hii juu yake palichapwa mstari: muhula wa kwanza mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu, na chini mkuu ameweka saini yake kubwa, kama vile mizani ni yake tangu kuzaliwa. Tingatinga, hamsini na tisa. Msichana wa dawati la nyuma, wa kwanza. Binti yangu, wa pili, sabini na mbili. Siku ya mahafali cherehani ikapita mbele yetu ikaenda kwa mwenyewe, na mimi nikapiga makofi, ingawa viganja vyangu havikukutana vizuri. Tingatinga alipoitwa alipokea cheti kwa mikono miwili, akarudi kwenye kiti chake akitembea taratibu, kama vile cheti ni kizito.

Binti yangu hakumsalimu anti yake siku ile wala wiki ile. Nilidhani tumefika mwisho wa ukoo.

Siku moja narudi kutoka kazini nakuta sebule imejaa vipande vya zambarau. Binti yangu yuko sakafuni na mkasi.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kwa anti. Nilienda nikasema nimekuja kuchukua kitambaa cha mama yangu. Akanipa na vipimo vyako vya zamani." Akanitazama kuanzia juu hadi chini, kwa jicho ninalojua ni la nani. "Vipimo vyenyewe ni vya mtu mwingine. Simama hapo."

"Mimi sijabadilika sana."

"Mama. Simama."

Akanipima upya. Kitambaa hakikutosha, mwili umeshavipita vile vipimo vya zamani. Akaunga vipande vyeusi mbavuni, huku na huku, akashona kwa cherehani ya kuazima kwa jirani. Alifumua. Nilimsikia akifumua na kujitukana kwa sauti ndogo, na sikumwambia kitu, nilipika. Gauni lilipokwisha hakunipa mimi. Alinivalisha, akanishika mkono kama mgonjwa, akanipeleka mpaka kwa wifi, akanisimamisha katikati ya chumba.

"Nipe maksi," akamwambia anti yake. Hata hodi hakupiga.

Wifi akavaa miwani. Akanizunguka. Akavuta bega, akapinda mkono, akapiga magoti akageuza pindo akaliangalia kwa ndani, na mimi nimesimama kama sanamu kwenye duka la nguo, sijaulizwa kama limenipendeza.

"Mbavu umeziunga vizuri," akasema kutoka chini. "Kola iko sawa. Kiuno umempimia mama wa leo, hukumpimia wa picha ya harusi. Nani kakufundisha?"

"Hujui?"

"Kifungo cha nyuma kimelegea."

"Nimeona. Uzi wa zambarau ulikwisha."

"Ninao." Akainuka, magoti yanalia, akatafuta kwenye kopo la biskuti analowekea nyuzi. "Na maksi sikupi. Muhula wa nne sina, chuo kina mitatu. Njoo kesho karakanani, kuna sare za shule zimenizidi, ukashone unilipe jeuri yako."

Binti yangu akasema, "Saa ngapi?" Salamu hakutoa, lakini swali ni nusu ya salamu.

Wifi akanigeuza, nikampa mgongo. Nikasikia sindano ikiingia na kutoka, pumzi yake shingoni kwangu, ile futi ikinigusa.

"Gauni lako hilo, wifi," akasema, pini ikiwa mdomoni. "Tusidaiane tena."

"Umeshona kifungo kimoja. Gauni zima kashona mtoto."

"Na kifungo kimoja ndicho kitakachokuzuia usiaibike barabarani. Tulia."

Nikatulia. Akafunga fundo, akainama, akakata uzi kwa meno.